Mbakaji anyongwe, au kwanza tuhakikishe anakamatwa?

Mleta mada: Mwaka 2018 India iliruhusu adhabu ya kifo kwa anayebaka mtoto wa kike wa chini ya miaka 12. Mwaka 2020 Bangladesh nayo ikapandisha adhabu ya juu ya ubakaji kutoka kifungo cha maisha hadi kifo. Naunga mkono. Anayepinga alete hoja.

Wakili: Mkuu, hasira yako ni ya haki. Ila kama kubaka na kuua vyote ni kitanzi, mbakaji ana sababu gani ya kumwacha hai shahidi pekee? Mahakama ya Juu ya Marekani iliipima hoja hiyo mwaka 2008, katika shauri la Kennedy dhidi ya Louisiana, ikakataa adhabu ya kifo kwa mbakaji wa mtoto aliyebaki hai. Halafu wabakaji wengi ni watu wanaojulikana: mjomba, baba wa kambo, jirani. Mtoto akiambiwa neno lake litamnyonga mjomba, atanyamaza, na ukoo mzima utamsaidia kunyamaza.

Mleta mada: Basi kifungo cha maisha. Lazima waogope!

Muuguzi: Waogope nini, ndugu yangu, kama ushahidi unaozea kwenye mfuko wa plastiki? Nguo yenye unyevu ikifungiwa humo, ukungu na bakteria huharibu vinasaba (DNA). Iachwe ikauke, kila nguo iingie kwenye mfuko wake wa karatasi, iandikwe tarehe na saa, ipigwe lakiri, na kila anayeipokea asaini. Saini moja ikikosekana, wakili wa utetezi atauliza mfuko ulilala wapi usiku ule, na kesi itaanza kuyumba hapo.

Aliyebakwa asioge wala kufua, awahi hospitali. Dawa za kuzuia VVU zianze ndani ya saa 72, zinywewe siku 28. Kidonge cha dharura cha kuzuia mimba kinafaa hadi saa 120, lakini kila saa inayopita inapunguza nguvu yake. Akishaoga aje hivyo hivyo, na asizuiwe matibabu eti hajaleta fomu ya polisi.

Na daktari asiandike "hana michubuko, hakubakwa". Wengi hofu huwagandisha, hawapigani kabisa. Aandike alichokiona, basi.

Mpelelezi: Niongeze hapo. Mwaka 2009 huko Detroit, mji wa jimbo la Michigan nchini Marekani, ghala la polisi lilikutwa na zaidi ya sampuli 11,000 za kesi za ubakaji zilizokuwa zimerundikwa bila kupimwa. Zilipopimwa, mamia ya wabakaji wa kurudia wakajulikana. Sheria ya Michigan ilikuwa na kifungo cha maisha miaka yote hiyo. Kila sampuli iliyokaa rafuni ilimpa mtu nafasi ya kumbaka mwingine.

Mleta mada: Hilo la ghala limeniuma. Lakini yule aliyerudia mara tatu, vinasaba vimemthibitisha, mnamfanyaje?

Wakili: Huyo afungwe maisha, hapo hatubishani. Ninachokataa ni bunge kupitisha kitanzi kwa siku moja, huku maabara ikibaki na foleni ile ile.