Bendi za miaka ya 1990: naomba ushauri

Asalaam alaykum ndugu zangu. Vijana wa maskani yetu hapa Michenzani wameniomba niwapigie muziki wa bendi za miaka ya 1990 Jumamosi hii, kwa muda wa saa 2. Nimekwama.

Mbili nina hakika nazo. East African Melody, kwa sababu rusha roho yao, yaani taarab ya kisasa ya kuchezeka, ya vinanda vya umeme iliwainua watu vitini. Na Morphine wa Boston, Marekani, ambao kwangu mie ndio waliosahauliwa kuliko wote: besi ya nyuzi 2, saksafoni na ngoma, basi, gitaa unalisikia kwa nadra. Mwimbaji wao, Mark Sandman, alifia jukwaani Italia mwaka 1999. Kila nikiwasikiliza usiku nahisi wangeelewana na wapiga fidla wetu.

Nimejaribu kuzifuatanisha, dada yangu akasema ni kama taa imezimwa ghafla, na ni kweli. Nikaweka Culture Musical Club, kundi letu la taarab asilia, katikati, lakini kanuni (ala ya nyuzi nyingi) na fidla zao zinataka watu waliotulia.

Nisaidieni: bendi gani ya wakati ule, ya dansi, rege au roki, ingeziunganisha hizo mbili? Na taarab nianze nayo au nimalizie nayo?