Kiongezi cha lami vuguvugu hakionyeshi chochote maabara. Tumeuziwa maji?

NyandoLab: Hamjambo wadau. Niko maabara ya kontrakta upande wa Kisumu, barabara ya matrekta ya miwa. Tumeletewa kiongezi cha majimaji cha kutia kwenye bitumini ya 60/70 (ile gundi nyeusi inayoshika kokoto), asilimia 0.4 ya uzito wake. Muuzaji anasema tushushe joto la kuchanganya kutoka nyuzi 160 hadi 130 na kazi itaenda vizuri tu. Nimepima: penetresheni (kina ambacho sindano inazama kwenye bitumini) ni ile ile, joto la kulainika lile lile, mnato haujasogea. Injinia msimamizi kaniuliza mbele ya watu kama tumenunua maji ya mto Nyando. Nimjibu nini? Halafu, lami ya moto mdogo si itabonyea chini ya trela za miwa?

KokotoNyeusi: Pole ndugu. Unatafuta mabadiliko mahali ambapo hayapo. Kinachobadilisha mnato ni nta, kwa mfano Sasobit. Inayeyuka karibu na nyuzi 100. Juu ya hapo bitumini inakuwa nyepesi, chini ya hapo nta inaganda na kuikaza, ndiyo maana penetresheni hushuka. Lakini nta hutiwa asilimia 1.5 hadi 3. Hiyo 0.4 yako ni kemikali ya kundi la akina Evotherm na Rediset, jamii moja na sabuni. Inakaa mpakani, kati ya bitumini na jiwe. Bitumini inaenea upesi juu ya kokoto, na kokoto zinateleza zikijipanga chini ya rola. Bitumini yenyewe inabaki karibu vile vile.

Kwa hiyo mwonyeshe injinia ushindiliaji. Tengeneza briketi za Marshall (vipande vya lami vinavyoshindiliwa kwa nyundo maabara) kwa joto la chini, zenye dawa na zisizo na dawa, mapigo sawa, ulinganishe mianya ya hewa. Tofauti isipoonekana hapo, ndipo umpigie muuzaji simu.

BabaRola: Sina digrii, nina rola. Kule Timboroa baridi inakunyang'anya lami kabla hujamaliza mizunguko, na dawa kama hizi zilituongezea muda. Nyinyi wa ziwani joto mnalo, faida yenu ni kupunguza dizeli ya kichomeo na moshi. Vijana wa reki watakushukuru.

MamaBitumini: Hilo la trela msilipite haraka. Bitumini huzeeka sana pale plant, yaani mtambo wa kuchanganyia lami, ikikutana na kokoto za moto na hewa. Ukishusha nyuzi 30, inatoka ikiwa changa zaidi, yaani laini. Kwa nyufa ni habari njema. Kwa mabonde ya magurudumu ni hatari, hasa miezi ya mwanzo, na trekta la miwa ni zito tena linatambaa. Nta ingekusaidia hapo kwa sababu inakaza. Kemikali haikazi.

NyandoLab, ile oveni ya maabara ya kuzeesha bitumini, inayoiga plant, uliiweka nyuzi ngapi?

NyandoLab: 163, dakika 85, kama kawaida. Ilipita vizuri.

MamaBitumini: Ndiyo shida. Oveni haijui kwamba plant itachanganya kwa 130. Imekupa bitumini ngumu kuliko ile utakayoitandaza. Rudia kwa joto lililo karibu na la plant, na mchanganyiko wenyewe ukae saa 2 kwenye joto la kushindilia kabla ya kupima mabonde. Ukionekana laini mno, mpeni injinia bitumini ya daraja gumu zaidi, msirudi kwenye moto mkubwa.

Mkoru: Mnasahau maji. Mvua ya alasiri ya Kisumu inalowesha rundo la kokoto kila siku, na kwa moto mdogo unyevu haukauki wote. Kokoto zenu ni za wapi?

NyandoLab: Granaiti, upande wa Maragoli.

Mkoru: Basi hapo ndipo hela yako ilipo. Granaiti ina silika nyingi, inapenda maji kuliko bitumini. Viongezi vingi vya kundi la Evotherm vina amini, kemikali ya jamii ya amonia, inayosaidia bitumini kung'ang'ania jiwe. Chukua vipande vya lami iliyoshindiliwa vyenye mianya karibu asilimia 7, nusu viloweke saa 24 kwenye maji ya nyuzi 60, kisha uvivunje vyote kwa kuvikandamiza ubavuni. Vilivyolowa vibaki na angalau asilimia 80 ya nguvu ya vikavu. Visipofika, chokaa ya Koru iko jirani. Asilimia 1 ya uzito wa kokoto inatosha kuanzia. Na rundo liezekwe mabati, hakuna dawa inayoshinda kokoto mbichi.

KokotoNyeusi: Nyongeza: baadhi ya amini huchoka zikikaa siku nyingi kwenye tangi la moto. Chukua sampuli ya tangi siku ya kutandaza, usipime ya galoni pekee.

NyandoLab: Asanteni. Kesho naanza na briketi, na injinia nitamwalika aje ashike nyundo mwenyewe.

BabaRola: Mpe ile ya mkono, ya umeme mfiche.