Kutoka na watoto bila kumaliza hela, mnafanyaje?

Mama Mapacha
Habari zenu wadau. Nina watoto wanne, mkubwa yuko darasa la sita na mapacha hawajaanza shule. Kila wikendi ni "mama leo tunaenda wapi" na hela yenyewe mnaijua, ukishatoa kodi na ada kinachobaki ni cha kuhesabu. Kinachonichosha si kiingilio, hicho unakijua toka nyumbani unajipanga, ni vile mkishaingia, mara huyu kiu, mara huyu kaona puto, huyu bembea ya kulipia anataka kurudia tena, mnarudi hela ya wiki nzima imeenda na bado kila mtu kanuna. Nyie wenye kipato cha kawaida mnatokaje? Msiniambie niwawekee katuni nyumbani, katuni zenyewe zishawachosha.

Mtembezi
Mama Mapacha swali umeshalijibu nusu mwenyewe. Hela haiishii mlangoni, inaishia ndani. Tumbo dawa yake ni kula mkashiba ndo mtoke, kila mtu na chupa yake ya maji, na vitafunwa toa kabla hawajaomba, maana mtoto akishasema njaa mbele ya kibanda umeliwa. Hivyo vya puto sasa, mpe kila mtoto hela yake mkononi asubuhi, ndogo tu, mwambie hii ndo yako ya leo, ukinunua sawa, ukirudi nayo ni yako. Utashangaa. Wa kwangu alikuwa analilia puto kila tukitoka, siku aliyopewa ya kwake akalishika, akaligeuza, akauliza bei, akauliza kama litapasuka, mkono ukarudi mfukoni taratiiibu.

Bi Kurasa
Naongezea hapo, kabla ya kulipa popote uliza siku. Makumbusho mengi yana siku au masaa ya bure, na tarehe 18 mwezi wa 5 ni Siku ya Kimataifa ya Makumbusho, ipo tangu 1977, sehemu nyingi siku hiyo wanafungua bure kabisa au wanapunguza. Uliza na umri, hao mapacha huenda hawalipiwi. Ila tiketi ya familia usiikimbilie kwa sababu imeandikwa familia, piga hesabu kwanza, kama wadogo wanaingia bure basi kukata moja moja inaweza kuwa nafuu. Na mkiingia usiwaburuze kila chumba. Mpe karatasi na penseli achague kitu kimoja achore, atasimama hapo mpaka wewe miguu iume.

Shangazi Mkweli
Mi nasema tu wanne kwa mpigo ndo tatizo. Wa darasa la sita na mapacha hawafurahii kitu kimoja, mtalipia wote halafu nusu wamenuna. Siku nyingine baba yao atoke na mkubwa peke yake hata kwa miguu tu, wewe baki na wadogo kiwanjani.

Baba Usiku
Jamani mbona wote mnawaza vya mchana. Anga ni bure. Kila mwaka usiku wa kuamkia tarehe 13 Agosti kuna vimondo vinaitwa Perseids, hivyo wanavifaidi zaidi walio kaskazini mwa dunia, ila vya Desemba, Geminids, kuamkia tarehe 14, vinaonekana kaskazini hata kusini. Darubini usinunue, itawabana bure maana vinapita popote. Nendeni mahali pa giza palipo salama, tandikeni mkeka mlale chali, macho yanataka kama nusu saa yazoee, na mtu akiwasha simu mnaanza upya kwahiyo simu zote mfukoni. Angalia kalenda pia, mwezi ukiwa mpevu hamtaona kitu zaidi ya vile vikubwa. Siku ambazo hamna vimondo tafuta kile kituo cha anga za juu, baada tu ya jua kuzama au kabla halijachomoza, ni kama nyota kali inayotembea bila kumetameta, kinazunguka dunia kwa dakika kama 90 na ndani kuna watu. Kijana wangu huwa anawapungia mkono na mimi simkatazi.

Mama Mapacha
Asanteni sana, Shangazi umenigusa hapo kwa mkubwa maana ndo anayenuna kuliko wote. Ya hela mkononi naijaribu wikendi hii hii. Sasa Mtembezi, akiimaliza dakika ya kwanza na wenzake bado wanazo?

Mtembezi
Kaimaliza. Usimwongezee hata kama anagaragara chini na watu wanakuangalia, na baba yake mwambie mapema maana wao ndo wanaotoaga kwa kificho.

Baba Usiku
Mkuu hapo umenisema mimi kabisa 😂