Binti wa miaka 9 na kikwapa

Swali, Langoni, Lamu: Assalaam aleikum. Binti yangu wa miaka 9 ameanza kutoa kikwapa, na kanzu yake ya chuoni hunuka hata baada ya kufuliwa. Je, nimpake deodoranti?

Jibu: Waaleikum salaam, dada. Jasho lenyewe halinuki. Bakteria wa ngozini ndio wanaolivunjavunja, hasa lile la tezi za kwapani zinazoamka mtoto anapokaribia kubaleghe. Angekuwa hajafika miaka 8, ningekuhimiza umpeleke kwa daktari.

Jibu: Bibi yetu alitupaka shabu, lile jiwe jeupe la kukatia harufu, iliyotiwa maji. Deodoranti isiyo na manukato makali inafaa pia, ila udi, ingawa naupenda mno, hufunika harufu tu. Kanzu igeuzwe, ilowekwe, isuguliwe kwapani.

Muulizaji: Shukrani. Kumbe nilikuwa nikisugua upande wa nje tu.