Mwezi wa Idi: shahidi akiapa kauona na hesabu ikakataa, tumfuate nani?

Mleta mada:
Assalaam alaykum wakuu. Mwaka huu tena nyumbani kwetu Magomeni tumekula Idi siku mbili. Kaka kafungua na Saudia, mama kasubiri tangazo la Mufti. Pilau limepikwa mara mbili, na watoto hawakujua waende kusali na nani. Naomba tulijadili bila kukufurishana.

Jioni ya mwezi 29 tulipanda juu ya paa, watu kama kumi, tukaelekea upande wa Ubungo. (Wanaokwenda kuutafuta mwezi Coco wanajisumbua. Bahari yetu iko mashariki, na mwezi mwandamo huonekana magharibi jua likishatua.) Kwenye saa kumi na mbili na nusu jua likazama. Punde mzee mmoja jirani, ambaye sijawahi kumsikia akisema uongo, akanyoosha kidole: "Uule pale, mwembamba kama ukucha!" Vijana wawili nao wakauona. Hata mimi niliona kitu cheupe kilichopinda. Tukakikazia macho. Kikarefuka, kikakatika katikati, kikawa kiwingu.

Tungeshuka dakika mbili mapema, mtaa mzima ungekuwa na mashahidi watatu waadilifu.

Sasa hoja yangu. Mwezi hulipita jua, kwa wastani, kila baada ya siku 29, saa 12 na dakika 44. Kuna jioni unatua kabla ya jua, na hapo hakuna cha kuona hata mbingu iwe safi vipi. Hilo hujulikana kwa dakika, miaka kabla. Mnakumbuka Rujewa kule Mbarali, tarehe 1 Septemba 2016? Watu walisafiri kutoka hapa Dar kwa sababu hesabu ilisema jua litapatwa libaki kama pete, na likapatwa. Kupatwa kwa jua ni mwezi kupita mbele yake. Hesabu ni ileile.

Kwa hiyo nasema hesabu isitufungishe wala isitufungulishe. Ipewe kazi moja tu: kuukataa ushahidi wa jioni ambayo mwezi haukuwepo angani.

Mchangiaji wa kwanza:
Mkuu, hadithi iko wazi, kwa Bukhari na kwa Muslim: fungeni kwa kuuona na fungueni kwa kuuona, na mkifunikiwa na mawingu timizeni thelathini. Hatukuambiwa tupige hesabu. Leo unaipa kazi ya kukataa, kesho itaamrisha. Uturuki wameshafika huko.

Mchangiaji wa pili:
Shehe, na ile ratiba ya sala iliyobandikwa ukutani msikitini kwenu? Ile ni hesabu tupu. Nani leo anapima kivuli cha fimbo ndipo aadhini Alasiri?

Mchangiaji wa kwanza:
Haviko sawa. Sala imefungwa na wakati wenyewe: jua likipinduka, wakati umeingia, umeliona hujaliona. Ramadhani imefungwa na kuuona mwezi.

Mleta mada:
Jibu hilo lina uzito, na ndiyo maana sikusema hesabu ianzishe mwezi. Lakini ukisema "kuuona", lazima kinachoonwa kiwe mwezi. Aliyeona wingu hajauona mwezi, hata akiapa, na wala si mwongo. Husimuliwa kuwa Anas bin Malik, sahaba wa Mtume, uzeeni, alisema kauona mwezi na wenzake hawauoni. Kadhi Iyas akamtazama, akaona unywele mweupe wa nyusi umemwinamia jichoni. Akaufuta, akamwambia aangalie tena. Anas akasema hauoni. Hakutukanwa wala hakubishiwa imani yake. Kilichopimwa ni jicho. Nami naitaka hesabu iwe mkono ule wa kadhi.

Na wanaosema Makka mbali, mwezi wao si wetu: Dar na Makka zote ziko kwenye digrii 39 na kitu za longitudo, saa zetu ni zilezile, tumepishana kaskazini na kusini. Ugomvi wetu na kaka yangu hauko sana angani. Ni kwamba yeye anaipokea habari ya shahidi wa mbali, na mama haipokei. Hilo ni la mafakihi, tusiwabebeshe wanajimu.

Mchangiaji wa tatu:
Kaka, niko Temeke. Ukimkatalia mzee wa watu mbele ya msikiti mzima, mwakani hapandi mtu darini. Mimi ningeanza kwa kumuuliza taratibu: pembe zilielekea wapi? Ulikuwa kushoto au kulia kwa pale jua lilipozamia? Umekaa muda gani mpaka ukatua?

Mleta mada:
Dada, umenikumbusha jambo sikuliandika. Wale vijana walishaanza kushuka ngazi mbio kwenda kupiga simu. Aliyewaita warudi ni yule mzee mwenyewe. Alisema, "Ngojeni kwanza. Mwezi haurefuki hivyo."