Mdogo wangu kamwambia trafiki "mimi si dereva, ni msafiri". Nifanyeje?

MamaBajaji: Wakuu, nipo Ngamiani hapa Tanga, barabara ya 12. Nina bajaji moja ya mkopo wa kikoba, nikampa mdogo wangu wa tumbo moja aendeshe, hesabu 15,000 kwa siku. Alikuwa analeta vizuri tu. Mwezi huu sasa halali, usiku kucha video za Wamarekani. Jumanne trafiki kamsimamisha karibu na Mkwakwani, leseni imeisha muda. Mwenzenu badala ya kuomba radhi katoa karatasi aliyochapisha steshenari: yeye ni "mtu hai anayesafiri", na jina la kwenye leseni, kwa kuwa ni herufi kubwa tupu, si lake, ni la kampuni iliyosajiliwa na serikali siku aliyozaliwa. Trafiki alicheka mpaka akamwita mwenzake aje asome. Dogo akadhani kashinda, akawasha chombo aondoke! Leo siku ya tano bajaji iko kituoni na kikoba kinakaa Jumapili. Nikisema tukalipe, ananiambia kulipa ni kuingia mkataba na serikali. Kuna ukweli wowote humo?

KaraniMstaafu: Pole dada. Hakuna. Hao wa Marekani hudai kwamba serikali yao ilipoacha kuidhamini pesa yake kwa dhahabu mwaka 1933 iliwaweka raia rehani, na cheti cha kuzaliwa ndiyo hati yenyewe. Kule Canada, mwaka 2012, jaji Rooke wa Alberta alichoka. Katika kesi ya talaka, Meads dhidi ya Meads, aliyakusanya madai ya namna hii kwenye hukumu ndefu ajabu, akayakataa. Kwetu, Sheria ya Usalama Barabarani ya 1973 haiulizi unasafiri au unaendesha, inataka leseni. Na ibara ya 26 ya Katiba inamtaka kila mtu atii sheria. Haikusema "kila aliyetia saini".

WaPangani: Huyo afadhali. Mjomba wangu hataki kulipa kodi ya pango la ardhi, eti mwambao maili kumi ni mali ya Sultani wa Zanzibar 😂

KaraniMstaafu: Mwambie Mjerumani aliununua mwaka 1890, maki milioni nne. Mwambao wa Mombasa, kule Kenya, ndio uliobaki wa Sultani, akiupangisha kwa Mwingereza mpaka 1963. Mjomba kasoma historia ya jirani.

Bi_Chumbageni: Mnampa mwenzenu historia na Jumapili inafika. Mama, kadi ya bajaji ina jina la nani? Kama ni lako, nenda mwenyewe na kadi na kitambulisho, lipa, toka na chombo chako. Usimchukue huyo kijana, atawasomea karatasi tena.

MamaBajaji: Ahsanteni. Nimelipa, nimeitoa, ila betri imekufa. Jioni dogo kaja mpole anaomba funguo. Nimemwambia wewe sikujui, funguo nampa yule wa herufi kubwa, akishahuisha leseni.