Natafuta bunduki ya Lee-Enfield kama ya babu, nipo New Jersey: leseni ya C&R (ya wakusanyaji wa silaha za zamani) pekee inatosha?

mjukuu_wa_keya:

Wakuu, heshima kwenu.

Babu yangu alikuwa keya, yaani askari wa King's African Rifles. Alikwenda Burma na Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, akavuka mto Chindwin mwishoni mwa 1944, akarudi nyumbani na kovu la mguu na maneno machache. Kitu pekee alichokisimulia bila kuombwa ni bunduki yake ya .303: alivyoilalia, alivyoipaka mafuta huku mvua inamnyeshea. Alifariki nikiwa darasa la sita. Medali zake zilipotea kwenye ugomvi wa urithi, na sina hata picha yake akiwa kwenye sare.

Nina miaka 34 sasa, naishi New Jersey, grini kadi yangu ina mwaka wa tatu. Nataka Lee-Enfield moja tu, nzima, kama ilivyotoka kiwandani.

Jumamosi nilivuka kwenda Pennsylvania kwenye maonyesho ya silaha. Mzee mmoja, si mfanyabiashara, alikuwa anauza mkusanyiko wake. Alikuwa na Lee-Enfield ya No. 4 iliyotengenezwa na kampuni ya Savage kule Massachusetts wakati wa vita, imegongwa "U.S. PROPERTY" kwa sababu Marekani iliwapa Waingereza kwa mkopo. Niliishika, wakuu. Nilishindwa kusema kitu kwa muda. Mzee akaniambia lipa taslimu uondoke nayo. Muuzaji wa meza ya pili akadakia: omba leseni ya C&R, ni dola 30, ukishaipata unaletewa silaha ya zamani mlangoni jimbo lolote, hakuna cha kuuliza.

Nikaogopa, nikaondoka mikono mitupu. Je, nilifanya ujinga? Na huyo wa meza ya pili alisema kweli?

Bwana_wa_Houston:

Mkuu, huku Texas alichosema ni kweli tupu. Ninayo leseni hiyo mwaka wa nane. Namtumia muuzaji nakala niliyotia saini, sanduku linafika mlangoni. Bunduki zangu mbili za Kirusi, Mosin-Nagant, zimekuja hivyo. Omba tu, usisumbuke.

Ukitaka bei nzuri zaidi, angalia pia CMP, wale wanaouza M1 Garand za jeshi.

MzeeKitako:

Mjukuu, hukufanya ujinga hata kidogo. Ungelipa zile fedha ukarudi nayo nyumbani, ungekuwa umevunja sheria ya shirikisho kabla hujafika mlangoni. Mtu asiye na leseni haruhusiwi kupokea silaha kutoka kwa mtu binafsi wa jimbo jingine. Haijalishi bunduki ina umri gani, haijalishi mzee ni mwema kiasi gani. Na wewe una grini kadi. Kosa la silaha kwa mtu ambaye si raia linaweza kumfukuzisha nchini. Hilo liweke mbele ya mengine yote.

Sasa leseni yenyewe. Ni ya ATF, idara ya shirikisho inayosimamia silaha, aina ya 03, dola 30 kwa miaka 3, lazima uwe umetimiza miaka 21, na nakala ya ombi unaipeleka kwa mkuu wa polisi wa eneo lako. Mwenye grini kadi anaruhusiwa kuomba. Inahusu silaha zilizotimiza miaka 50 tangu zitengenezwe, zikiwa katika hali yake ya asili. Hapo pana mtego: Lee-Enfield nyingi zilikatwa mbao za mbele na mtutu ili ziwe nyepesi za kuwindia. Bunduki ya namna hiyo ni ya 1943 kweli, lakini ATF haihesabu kuwa iko katika hali ya asili, na leseni yako haikusaidii kitu kwayo. Ile yako ya Savage, kama mbao zote zipo hadi mbele na sehemu ya kufungia singe ipo, iko sawa.

Ukiwa na leseni hiyo, sheria ya shirikisho inakuruhusu kununua silaha ya C&R kwa yule mzee wa Pennsylvania, ana kwa ana au kwa mzigo. Hadi hapo ndugu yangu wa Houston yuko sahihi. Tatizo ni kwamba amejibu kwa Texas, na wewe hulali Texas. Leseni ya 03 inafungua kufuli la shirikisho pekee. La jimbo unaloishi linabaki pale pale, na la New Jersey ni zito.

Kwanza huku hugusi bunduki ndefu bila kitambulisho cha mnunuzi wa silaha cha jimbo. Unakiomba kwa polisi wa mji wako: alama za vidole, ridhaa ya kukaguliwa rekodi za afya ya akili, watu wa kukuelezea tabia, na tangu sheria za 2022 mafunzo ya usalama pia. Bastola ni zaidi, kila moja na kibali chake cha kununulia, hata iwe ya Vita vya Kwanza na hata uwe na 03 mfukoni. Pili, tangu 2018 mauziano ya watu binafsi huku yanapitia kwa muuzaji mwenye leseni, isipokuwa machache, likiwemo la wakusanyaji wawili ambao wote wana leseni ya C&R. Nawe hata hapo kitambulisho cha jimbo unakihitaji.

Nizungumze lililonigusa mwenyewe. Nilikaa Pennsylvania miaka mingi, na silaha niliyoipenda kuliko zote ilikuwa M1 Carbine. Nyepesi, mbao zake zina rangi ya asali. Kazi ikanihamishia New Jersey. Wiki 3 kabla ya kuhama, nikiwa nimeshapanga maboksi, nikasoma orodha ya silaha zilizopigwa marufuku huku. Nikakuta M1 Carbine imeandikwa kwa jina lake, pamoja na bunduki za kivita za kisasa. Miaka yake zaidi ya 70 haikusaidia, leseni yangu ya C&R haikusaidia. Niliiuza Pennsylvania kupitia kwa muuzaji, siku ileile nikarudi nyumbani nikakaa kimya. Ningekuwa mvivu wa kusoma, ningevuka mpaka na jinai ndani ya gari, tena nikidhani nimebeba historia.

Garand, ambayo ina nguvu zaidi ya mara mbili yake, haimo kwenye orodha hiyo. Usitafute mantiki, soma majina.

Jingine linalowaponza watu ni neno "ya kale". Kwa shirikisho, silaha iliyotengenezwa 1898 au kabla haihesabiwi kuwa silaha chini ya sheria ya silaha ya 1968. Unanunua kama unavyonunua kiti. Mosin ya 1897, kwa mfano. Lakini New Jersey inauliza swali la ziada: risasi zake bado zinauzwa madukani? Za Mosin zinauzwa. Basi huku ile ni bunduki kamili, na sheria zote zinaifuata.

Lee-Enfield No. 4 yenyewe haina shida huku. Unaikoki kwa mkono kila risasi, magazini ni ya risasi 10. Kwa hiyo usikate tamaa, panga tu utaratibu: kitambulisho cha jimbo kwanza, 03 baadaye. Usianze na 03.

Kuhusu CMP: wanataka uraia. Grini kadi haitoshi. Subiri uapishwe.

mjukuu_wa_keya:

Shikamoo mzee. Nimesoma mara tatu, na nimemsomea mke wangu. Alikuwa anapinga, sasa ameniambia nikimaliza makaratasi yote anataka aone medali za namna ile ziwekwe pamoja nayo ukutani.

Swali moja: nikikosa subira ya 03, naweza kurudi Pennsylvania na kitambulisho cha jimbo tu?

Dada_Rehema_Chicago:

Mzee akijibu, naomba niongeze la wenzangu wanaosoma. Usichukue majibu ya New Jersey ukayaleta Illinois. Huku bila kadi ya FOID, kitambulisho cha jimbo cha mwenye silaha, huwezi kumiliki hata risasi, na ukinunua dukani unasubiri saa 72. California ni siku 10, na mkusanyaji mwenye 03 anahitaji pia cheti cha jimbo ili asamehewe kusubiri. Jiji la New York lina kibali chake hata kwa bunduki ndefu, mbali na sheria za jimbo.

Na wale wenye visa ya masomo au ya kazi: kwa kawaida hamruhusiwi kabisa kumiliki, hata iwe ya miaka 80. Kuna msamaha mwembamba kwa mwenye leseni ya uwindaji, lakini muone mwanasheria kwanza. Vilevile bangi. Jimbo linaweza kuwa limeihalalisha, fomu ya 4473, ile ya shirikisho unayojaza dukani ukinunua silaha, bado inauliza kama unaitumia, na kudanganya kwenye fomu hiyo ni jinai. Nimeona kijana mzuri akiharibikiwa kwa mstari huo mmoja.

MzeeKitako:

Marahaba mwanangu. Asante Rehema, lile la visa nilipaswa kulisema mimi.

Jibu: kwa muuzaji mwenye leseni wa Pennsylvania, ndiyo. Sheria ya shirikisho inamruhusu kukuuzia bunduki ndefu ana kwa ana mradi sheria za majimbo yote mawili zifuatwe, nawe utajaza fomu na kukaguliwa papo hapo. Kwa yule mzee binafsi, hapana, hadi uwe na 03. Ila njia ipo: mwombe aipeleke kwa muuzaji mwenye leseni, naye akukabidhi kwa utaratibu. Mpigie leo. Mwambie habari za babu. Watu wa umri ule wanaouza mkusanyiko wao mara nyingi wanatafuta mtu wa kuupokea, na huenda akakuwekea.

Ukishapata 03, nunua daftari siku hiyohiyo. Kila silaha ya C&R unayoipata inaandikwa kabla siku ya kazi inayofuata haijaisha: imetoka kwa nani, lini, nani aliitengeneza, namba gani. Ikitoka una siku 7. ATF wanaweza kuja kukagua mara moja kwa mwaka, na ukipenda unapeleka daftari ofisini kwao badala ya kuwakaribisha sebuleni.

Siku ya kusafiri nayo: haina risasi, imefungwa kwenye sanduku lenye kufuli, iko kwenye buti. Usisimame kula njiani.

Kabla hujalipa, linganisha namba ya komeo, ile sehemu unayoivuta kwa mkono kukoki, na ile iliyogongwa kwenye mwili wa bunduki. Zikipishana, usiifyatue kabla fundi hajapima.

mjukuu_wa_keya:

Nimempigia. Amesema ataiweka hadi mwezi wa tatu, na ameuliza jina la babu aliandike kwenye karatasi ya mauzo.